Je, Yafaa Kuzuru Makaburi ya Wafalme?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya safari ya Mbarara, ambayo imezusha ubishi mwingi shuleni. Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitangaza kwamba tungekwenda Nkokonjeru, upande wa Kakika, nje kidogo ya mji wa Mbarara, kuyaona makaburi ya wafalme wawili wa mwisho wa Ankole, walioitwa Omugabe kwa cheo chao. Siku ilipofika, waliopanda gari hawakutimia nusu ya darasa. Waliobaki walitoa sababu tatu. Mimi nilikwenda, na leo nataka kuwajibu wenzangu kwa adabu.

Kwanza nieleze tuliyoyaona. Tulitoka Nakivale alfajiri, tukala vumbi mpaka tuliposhika lami ya kwenda Mbarara. Nilitazamia kuona jumba la fahari. Sikuliona. Ni nyumba ya kawaida, na ndani yake mna makaburi mawili ya saruji. Katika moja amelala Kahaya wa Pili, aliyetawala tangu 1895 hata 1944. Katika la pili amelala Gasiyonga wa Pili, aliyetawala tangu 1944 hata 1967, serikali ya Uganda ilipoziondoa falme zote. Alifariki mwaka 1982, akiwa raia kama raia wengine. Hapo kale maiti ya Omugabe ilifungwa katika ngozi ya ng'ombe ikapelekwa katika msitu wa Ensanze, na watu waliamini kwamba roho ya mfalme hugeuka simba. Lakini Kahaya alibatizwa, akaitwa Edward, naye akawekwa kaburini kama watu wengine. Hayo ndiyo tuliyoyaona. Sasa nizijie sababu za wenzangu.

Sababu ya kwanza ni dini. Wengine walisema kwamba kwenda huko ni kuabudu mizimu. Ndugu zangu, hakuna aliyepiga magoti. Hatukupeleka kuku wala pombe. Tulivua kofia, tukasikiliza, tukaandika katika madaftari yetu, tukaondoka. Mwalimu alitueleza habari za Nikko, katika nchi ya Japani. Huko liko hekalu kubwa la Tokugawa Ieyasu, jemadari aliyeshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, akawa mtawala wa Japani yote mwaka 1603, akafa mwaka 1616. Mwaka uliofuata hekalu lile liliwekwa wakfu kwa jina lake, na huko huheshimiwa kama mungu. Tena mtu huyo ndiye aliyepiga marufuku dini ya Kikristo mwaka 1614. Hata hivyo makundi ya watoto wa shule wa Japani huletwa Nikko kila mwaka. Huona nakshi za dhahabu, na wale nyani watatu wa mbao, mmoja ameziba masikio, mmoja mdomo na mmoja macho. Sidhani kila mtoto anayepita pale anakwenda kusali. Basi ikiwa mtu aweza kuingia katika hekalu na kutoka na elimu tu, sisi tuliosimama mbele ya saruji ya Mkristo tuna hofu gani?

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na sitaipuuza. Baadhi ya wenzetu wenyeji walisema, "Omugabe alikuwa mfalme wa Bahima, na babu zetu Bairu walidharauliwa. Tumheshimu kwa lipi?" Ni kweli kwamba katika utawala ule Bahima wafugaji ndio waliopata vyeo na heshima, na Bairu wakulima wakawekwa chini. Kwa ajili hiyo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bairu waliosoma walianzisha chama cha Kumanyana kudai haki sawa. Wala jambo hili halijafa. Mwaka 1993 serikali iliporudisha falme nyingine, Ankole haikurudishiwa yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo John Barigye, mwana wa Gasiyonga, alitawazwa, lakini serikali ilikataa kumtambua, na katika Ankole yenyewe wako waliomtaka na wako wasiomtaka. Mimi ni mgeni. Ufalme urudi au usirudi, si juu yangu kuamua.

Ila nawaambieni niliyoyashuhudia. Tulipokuwa tunarudi garini, mwenzetu mmoja Mwiru alimwuliza Muhima aliyeketi karibu naye, "Je, nyumbani kwenu walikuambia nini juu yetu?" Yule akanyamaza kitambo, kisha akasema kweli yote, hata maneno ya aibu. Walibishana njia nzima, wakacheka, wakabishana tena. Wamesoma pamoja miaka mitatu, na sijapata kuwasikia wakisema jambo hilo. Neno kumanyana kwa Kinyankole maana yake ni kujuana. Siku ile niliifahamu maana yake vizuri kuliko ningalivyoifahamu kwa kitabu. Anayekwenda kaburini kwa mfalme halazimiki kumsifu. Aweza kwenda na malalamiko yake, na huko ndiko mahali pa kuyasema.

Sababu ya tatu ilitolewa na sisi wenyewe, wana wa wakimbizi. Tulisema, "Huyu si mfalme wetu. Sisi tumetoka Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia. Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Isingiro tunakokaa ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ankole. Wakimbizi wa kwanza walipokuja kutoka Rwanda tangu 1959, na makao ya Nakivale yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, aliyeketi katika kiti cha Omugabe alikuwa ni huyu Gasiyonga. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakivale imepokea wageni zaidi ya miaka sitini. Siku ya tatu ilipita zamani.

Jioni ile nilimsimulia bibi yangu safari yote. Sisi ni watu wa Masisi, na babu alizikwa huko kabla hatujakimbia. Nilimweleza habari za vita, za ngozi ya ng'ombe na za simba. Hakuuliza lolote juu ya hayo. Aliuliza neno moja tu: "Nani anafagia pale?" Sikuwa na jibu, kwa maana sikukumbuka kuuliza. Akasema, "La babu yako hapana mtu wa kulifagia." Kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi nina maombi mawili. La kwanza, chama chetu cha historia kiende Nkokonjeru mara moja kila mwaka, kwa idhini ya watunzaji, na safari hii tusichukue madaftari tu, tuchukue na mafagio na mapanga ya kufyekea nyasi. Tuliokimbia, ambao hatuwezi kufagia makaburi ya kwetu, tutangulie mbele. La pili, kila mwanafunzi awaulize wazee wake makaburi ya jamaa zao yako wapi, kijiji gani, chini ya mti gani, akaandike. Wazee wetu wanapungua, na watakapokwisha hatutakuwa na wa kumwuliza. Ninyi wanafunzi wa zamani, ambao wengine mna kazi mjini Mbarara, tungefurahi mkitungoja pale Kakika siku hiyo.

Mimi nimekwisha kuandika la babu: Masisi, chini ya mparachichi, upande wa juu wa nyumba.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Nakivale.