Ubongo wa Mtoto Wetu na Elimu Tuliyowaachia Wengine



Mwezi huu tunakusudia kuzungumzia elimu isiyozoeleka katika kurasa hizi, nayo ni elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kijana wetu akimaliza shahada ya kwanza ya udaktari, ya biolojia au ya tiba ya mifugo, kisha akasema anataka shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti katika elimu hiyo, wazee humtazama kwa mshangao. Miaka miwili ya kuandika tasnifu juu ya ubongo! Ataajiriwa na nani? Mbona asisome uhasibu, akatusaidia hesabu za msikiti? Maneno haya tumeyasikia Njombe, tumeyasikia na Makambako, na tunakiri kwamba baadhi yetu tumewahi kuyatamka.

Basi natuanze na kifafa. Nchi yetu hii ni ya baridi, na mwezi Juni na Julai moto hauzimwi ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kifafa akianguka penye moto huungua mkono au uso, na mara nyingine aliye karibu husita kumvuta kwa kuogopa kuambukizwa na povu la mdomoni. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana maradhi haya, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Wetu wengi huanzia kwa mganga, na hirizi ikifungwa shingoni mwaka mzima hupita.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa na nguo zikimfunuka. Alimwendea Mtume (S.A.W.) amwombee dua. Akapewa hiari: asubiri na alipwe Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke anapoanguka, naye akaombewa hilo. Hakuna aliyemkimbia mama huyo, wala hakuvikwa hirizi. Ibn Abbas alimwonesha mwanafunzi wake kuwa ni mwanamke wa Peponi. Tuwatazame wagonjwa wetu wanaofichwa vyumba vya uani, kisha tujiulize tumemfuata nani.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, wala hatuikatai ruqya ya kisharia. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza wazi kwamba kuanguka huku ni kwa namna mbili, na kwamba namna moja ni maradhi ya mwili ambayo matabibu huyachunguza sababu zake na tiba yake. Yeye aligawa, sisi tumekusanya yote tukamtwisha jini.

Sababu mojawapo ya mwili ipo karibu nasi kuliko tunavyodhani, nayo ni tegu ya nguruwe. Tunajua msomaji atasema: hilo halituhusu, sisi hatuli nguruwe. Hapa ndipo elimu inapohitajika. Mwenye kula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, isiyoiva vizuri, hupata mnyoo tumboni. Mnyoo huo hutoa mayai, nayo hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Yeyote atakayeyameza mayai hayo, kwa maji, kwa mboga mbichi au kwa mikono isiyooshwa, huanguliwa ndani yake viluwiluwi vinavyoweza kusafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kujifanyia vifuko huko. Huyo huanza kuanguka kifafa ilhali hajapata kugusa nyama ya nguruwe maishani mwake. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa mjini New York, Mayahudi washika dini wasiokula nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko hivyo ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu.

Sasa tulete jambo hili Makambako, mahali zinapokutana barabara kuu ya Mbeya na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA inapita. Msafiri Mwislamu hushuka stendi, akauliza kwa uangalifu kama nyama imechinjwa kihalali, kisha akala kachumbari bila kuuliza imeoshwa kwa maji gani.

Watafiti wa tegu hawakuisahau nyanda yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta dalili za vifuko ndimini mwa nguruwe wa Ludewa, wilaya ambayo leo imo katika mkoa wetu, kwa kiasi cha nguruwe 17 hivi katika kila 100. Shirika la Afya Duniani nalo husema kwamba katika sehemu nyingi zenye tegu, vifafa 30 katika kila 100 hutokana nayo. Wangapi katika wanaoanguka Njombe na Makambako ni wa namna hii? Swali kama hilo mwanafunzi mmoja wa uzamili aweza kulibeba. Ataliandika, aombe kibali cha maadili, apite nyumba kwa nyumba, achukue damu, awapeleke wagonjwa kupigwa picha ya ubongo, kisha atetee tasnifu yake mbele ya wajuzi. Na akiwa ni mtoto wa hapa atafunguliwa milango ambayo mgeni hafunguliwi, kwani familia yenye aibu haimwelezi mtu isiyemjua.

Kule Mahenge, daktari mmoja aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya mwanzo ya 1960. Aliwatibu watu waliokuwa wametengwa, na pia aliandika alichokiona, wakiwemo watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia. Kwa kuwa aliandika, waliomfuata walipata pa kuanzia, hata wakafikia kuvichunguza vifafa hivyo pamoja na minyoo ya usubi. Mgeni alifanya hayo kwa ajili yetu, na tunamshukuru. Vivyo hivyo tunazishukuru hospitali za Ilembula na Ikonda, zilizojengwa na makanisa, ambako wagonjwa wetu hupokelewa bila kuulizwa dini.

Lakini shukrani haituondolei wajibu. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba kuwa faradhi kifaya, akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu ila asiye Mwislamu, huku watu wakisongamana katika fiqhi na mabishano yake. Hata asiyekubaliana naye katika mengine hana jibu kwa hili. Malalamiko hayo yangesomwa Ijumaa hii Makambako, hakuna ambaye angedhani ni ya miaka mia tisa iliyopita.

Tunazisihi kamati za misikiti ziache kungoja mfadhili wa ng'ambo. Njombe ni nchi ya mbao, viazi na chai. Wako ndugu zetu wenye mashamba na malori. Eneo la miti likiwekwa wakfu kwa ajili ya masomo, au wafanyabiashara kumi wakimgharimia kijana mmoja ada, nauli na vipimo vya wagonjwa wake, kazi imeanza. Na awe wa kike au wa kiume. Akina mama wenye watoto wagonjwa watamweleza binti mengi wasiyomweleza mwanamume.

Kamati itakayoridhia na ianze na daftari moja, likae kwa imamu kama amana. Liandikwe ni watoto wangapi wa msikiti huo wanaoanguka, walianza wakiwa na umri gani, wangapi wameungua, na wangapi wamewahi kufikishwa hospitali.