Kati ya Tisini na Mia

Ikitajwa habari ya vijana wetu waliojiunga na jeshi la Marekani, hakosi mtu wa kusema: "Huyo keshatoka. Akiacha jeshi, hata kodi ya jengo halipi." Nimelisikia hilo kwenye vikao vya harusi, nimelisoma kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mara watu wazima huafiki bila kuuliza swali. Wanaosema si waongo moja kwa moja. Wamesikia jambo la kweli kuhusu Texas, wakalivika Marekani nzima na kila askari. Nalo linatuhusu: kati ya 2009 na 2016 jeshi hilo lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo. Wapo waliovaa gwanda kwa sababu ya lugha hii ninayoiandika.

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule, zimamoto na barabara za mitaa hutegemea sana kodi ya majengo. Usiifananishe na ile ya Tanzania, kiwango kilichopangwa kinachokatwa kidogo kidogo ukinunua umeme wa LUKU. Kule kodi hufuata bei ya nyumba sokoni, na ukijumlisha ya shule, ya mji na ya kaunti, mahali pengi inakaribia asilimia 2 ya thamani. Nyumba ya dola 250,000 inaweza kudaiwa kama dola 5,000 kwa mwaka, tukiacha kando punguzo ambalo kila anayeishi kwenye nyumba yake hupewa. Ukishindwa kulipa, mwisho wake ni mnada.

Tangu 2009, Texas humsamehe kodi yote ya nyumba anayoishi askari wa zamani ambaye serikali kuu imempima na kumlipa kwa ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi wake. Hapo ndipo kauli ya vikaoni ilipochipukia. Lakini shuka ngazi moja tu. Mwenye asilimia 90 hupunguziwa dola 12,000, na hizo haziondolewi kwenye kodi, zinaondolewa kwenye thamani ya nyumba. Piga hesabu kwa asilimia 2: ni dola 240 kwa mwaka mzima. Mwenye asilimia 10 hupunguziwa thamani kwa dola 5,000, yaani anaokoa dola 100. Aliyetumikia miaka ishirini akatoka na mwili mzima hapati msamaha huu hata kidogo.

Utaniambia aliyeumia zaidi apewe zaidi. Nakubali kabisa. Ila tazama asilimia hizo zinavyopatikana. Askari aliyepewa 50 kwa mgongo na 50 kwa maradhi ya akili aliyorudi nayo vitani hahesabiwi kuwa na 100. Wizara ya Masuala ya Maveterani huanza na mgongo, ikaona amebaki nusu mzima. Maradhi ya pili yanakata nusu ya nusu hiyo. Jumla 75, inapandishwa hadi 80. Aliyefika 90 kamili akigundulika na ulemavu mwingine wa 10 anakuwa na 91, na 91 inarudishwa 90. Ili avuke, anahitaji ulemavu mpya wa asilimia 50, afike 95, ndipo ahesabiwe 100. Kipimo hiki kina mantiki yake kwa kupima mwili, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kuning'iniza paa la familia juu ya ngazi ya mwisho tu. Wanaume wawili waliotoka kikosi kimoja, nyumba zao zimepakana, mmoja ana 90 na mwingine 100: huyu anadaiwa maelfu, yule hadaiwi senti.

Wala haikulazimika kuwa hivyo. Illinois huanza kupunguza kwenye asilimia 30, ikaongeza kwenye 50, na kuanzia 70 husamehe kodi yote, ilimradi thamani inayotozwa haivuki kikomo kilichowekwa. Jeraha ni lile lile. Amevuka tu mpaka wa jimbo.

Upande wa pili wapo wanaosema msamaha huu unawanyang'anya majirani. Hoja hiyo ina uzito, ila wanamlaumu asiyehusika. Killeen na Copperas Cove ni miji iliyokaa ubavuni mwa kambi kubwa ya Fort Hood. Askari akiacha jeshi hubaki hapo hapo, karibu na hospitali na wenzake. Msamaha ulipitishwa Austin, makao makuu ya jimbo, lakini pengo likafunguka kwenye bajeti za miji hii, iliyojaa wastahiki kuliko mingine. Mwaka 2015 bunge la jimbo likakubali kufidia miji na kaunti za namna hiyo, na viongozi wa huko wamelalamika mara kwa mara kwamba kinachorudi hakifikii kilichopotea. Jimbo lililotoa ahadi ndilo linalopaswa kulipa, na kulipa kamili.

Linaloniuma zaidi ni la mpangaji. Kodi ya jengo ameibeba ndani ya pango lake, lakini kwa kuwa hati si yake, msamaha haumfikii hata akiwa na asilimia 100. Kijana aliyerudi akashindwa kukaa kazini, asiyekopesheka benki, ndiye mhitaji kuliko wote, na sheria iliyotungwa kwa jina lake haimwoni.

Na hata mwenye nyumba hafuatwi mlangoni. Lazima apeleke maombi kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, pamoja na barua ya wizara inayoonyesha asilimia yake. Kwa hiyo ukiwa na ndugu huko, muulize: ana asilimia ngapi, na je, fomu ameshapeleka? Muulize mkewe pia. Tangu 2011 katiba ya Texas inaruhusu mjane wa mwenye 100 kubaki na msamaha, maadamu hajaolewa tena na nyumba bado ni makazi yake. Mjane wa mwenye 90 anarithi punguzo lile lile la dola 12,000. Madai huanza kutumwa Oktoba, na yasipolipwa, tarehe 1 Februari adhabu na riba zinaanza kuhesabiwa.