Mifupa na Sukari ya Damu kwa Waliozaliwa Njiti

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia, hukosa wakati ambao mifupa hujiwekea akiba kubwa. Takriban asilimia 80 ya kalsiamu anayozaliwa nayo mtoto aliyetimiza miezi huingia mwilini mwake katika miezi mitatu ya mwisho. Tena katika miezi hiyo mtoto huupiga mateke ukuta wa mji wa mimba, na mapigo hayo huikaza mifupa yake. Maziwa na uangalizi mwema hufidia sehemu ya upungufu huo.

Huko Helsinki, nchini Ufini, Petteri Hovi na wenzake waliwapima vijana waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,500, ambao wengi wao walikuwa njiti, wakawalinganisha na wenzao waliotimiza miezi. Taarifa yao ya 2007 ilionyesha kwamba saa mbili baada ya kunywa glukosi, sukari katika damu ya vijana hao ilizidi ya wenzao kwa asilimia 6.7 tu, ilhali insulini ilizidi kwa asilimia 40. Kongosho lao, basi, lilitumika mno kupata matokeo yaliyokaribiana. Taarifa ya 2009 ikaonyesha kuwa uti wa mgongo na mfupa wa paja wa vijana wa namna hiyo hiyo ulikuwa na madini haba.

Hapo ndipo penye kishawishi. Mwaka huo huo wa 2007, Gerard Karsenty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza kwamba osteokalsini, protini itolewayo na chembe zinazojenga mifupa, hulichochea kongosho la panya kutoa insulini. Ikawa rahisi kusema: mfupa dhaifu, osteokalsini kidogo, hatimaye kisukari. Maelezo hayo ni matamu kupita kiasi. Mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti yalizalisha panya wengine wasio na osteokalsini, na sukari ya panya hao haikuharibika. Mwalimu wa biolojia anayefundisha habari ya 2007 hana budi kufundisha na hii ya 2020.

Yaelekea zaidi kwamba kasoro hizo mbili ni ndugu wa mzazi mmoja. Vijana wale wa Helsinki walikuwa pia na misuli michache, na walifanya mazoezi kidogo kuliko wenzao. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Na misuli hiyo hiyo, kwa kuuvuta mfupa, huufanya ujijenge.

Kwa hiyo desturi ya kumwondoa mwanafunzi kiwanjani kwa kuwa “alizaliwa njiti” ni huruma yenye madhara, hasa katika ujana, wakati mifupa inapojengeka kwa kasi. Mwenye matatizo ya mapafu au viungo apate kwanza ushauri wa daktari. Wengine waruke kamba, wakimbie, wacheze mpira.

Kadi ya kliniki nayo, ambayo katika nyumba nyingi hutupwa mtoto anapoanza shule, yafaa itunzwe. Daktari anayemtibu mtu wa miaka 40 aliyevunjika nyonga, au ambaye sukari yake imeanza kupanda, ni nadra kumwuliza alizaliwa na uzito gani. Na hata akimwuliza, mgonjwa mwenyewe aghalabu hajui.