Usiache mbachao: hifadhi ya kwanza ya mtoto iko karibu na kwao

Mtoto wa Kizimkazi akiulizwa ataje hifadhi za taifa anazozijua, mara nyingi huanza na Serengeti, akafuatisha Kilimanjaro, kisha Ngorongoro, na hapo orodha hukatika. Jozani haitaji, ingawa kila anapopelekwa mjini gari hupita kando ya msitu huo na dereva hupunguza mwendo kwenye matuta. Pomboo nao hawataji, ingawa huenda madaftari yake ya skuli yamenunuliwa kwa pesa walizoleta wao.

Wazazi wengi hawalioni hilo kuwa tatizo. Kwa fikra za wengi, hifadhi ni mahali pa wageni wenye kofia na kamera, na mwenyeji huenda huko kama amepata kazi ya udereva au ya upishi. Mtoto anayekulia katika fikra hizo hujifunza kuwa mnyama ni mali ya mgeni, na kazi ya mwenyeji ni kumwonyesha kwa malipo. Miaka 15 baadaye mtoto huyo ndiye atakayeshika usukani wa boti. Atakavyowatendea pomboo siku hiyo kunategemea alichosikia na kukiona nyumbani leo.

Nchi moja, hifadhi za kila namna

Mzazi anayetaka kuanza mazungumzo haya na wanawe hana haja ya kuwa mtaalamu. Inatosha kuwaonyesha kuwa neno "hifadhi" halina maana ya simba na tembo peke yake.

Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ni ya nyika, na nyumbu zaidi ya milioni 1 huzunguka humo kila mwaka wakifuata mvua na majani. Kilimanjaro ni hifadhi ya mlima wenye urefu wa mita 5,895, ambapo mtu huanza safari kwenye msitu wenye joto na kuimaliza kwenye barafu. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ni ya sokwe. Huko ndiko Jane Goodall alikofika mwaka 1960 na kuionyesha dunia kuwa sokwe hutengeneza na kutumia vifaa. Kitulo, katika nyanda za juu kusini, ni hifadhi ya maua, yakiwemo ya jamii ya okidi ambayo mizizi yake ilikuwa ikichimbwa na kuuzwa kama chakula. Rubondo ni kisiwa ndani ya Ziwa Viktoria, na sokwe wake ni wa ukoo wa wale walioletwa katika miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Saadani, ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari kutoka Unguja, ni mahali ambapo nyika hukutana na pwani, na kasa hupanda mchangani kutaga. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka pori la akiba la Selous, ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000.

Na Ngorongoro, ambayo watoto huitaja haraka, si hifadhi ya taifa kwa maana ya kisheria. Ni eneo la hifadhi lenye mamlaka yake, ambamo wafugaji wa Kimasai wameishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Tofauti hiyo inafaa kuelezwa nyumbani, kwa kuwa inaonyesha kuwa kuna njia zaidi ya moja ya kuhifadhi, na kwamba suala la nani akae na nani aondoke halijawahi kuwa jepesi popote.

Ile ya kwao

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Familia ya Kizimkazi inaweza kuweka akiba miaka mitano kwa ajili ya safari ya Serengeti, na si vibaya, lakini mbachao upo Jozani, safari fupi kwa gari.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50 na ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Haiko chini ya shirika linalosimamia hifadhi za Bara, kwani misitu ya Zanzibar husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi. Ndani yake kuna msitu wa maji, vichaka vya juu ya mawe, na mikoko ambayo mtu huitembelea akipita juu ya njia ya mbao. Yupo pia paa nunga, mnyama mdogo na adimu ambaye ni wachache sana waliobahatika kumwona.

Mwenyeji mkubwa wa Jozani ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zinazosimama kichwani. Asili yake ni Unguja tu. Mtoto wa Kizimkazi akiambiwa kuwa watu hupanda ndege saa kumi kuja kumwona mnyama anayelala karibu na barabara ya kwao, husimama kidogo akafikiri.

Kima huyu hakupendwa siku zote. Wakulima walimlaumu kwa kula nazi changa, na lawama hiyo ilikuwa na sababu, maana shamba ndilo chakula cha nyumba. Watafiti waliohesabu nazi shamba kwa shamba, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, hawakukuta kuwa kima wanapunguza mavuno. Kima huchuma nazi ndogo ndogo, ambazo nyingi hupukutika zenyewe, na kuchumwa kwake ni kama kupunguza miche ili iliyobaki inenepe. Hata hivyo, kilichobadilisha mioyo zaidi ya hesabu ni utaratibu wa kurudisha sehemu ya mapato ya watalii kwa vijiji na wakulima wanaouzunguka msitu. Mtu hulinda kwa moyo kitu kinachomlisha.

Hata yale matuta ya barabarani yana hadithi yake. Barabara ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, magari yaliongeza kasi na kima wengi wakagongwa. Matuta yakajengwa na vifo vikapungua. Mzazi anaweza kumweleza mwanawe haya gari linapopunguza mwendo, bila ya kulipa kiingilio hata shilingi moja.

Aliyeondoka

Upande wa pili wa mazungumzo haya ni mzito, lakini watoto wakubwa wanastahili kuusikia. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kwa umbo kuliko wa Bara. Babu na bibi wa vijiji vya kusini wanazo habari zake nyingi. Wengi waliamini kuwa chui hao hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 uliendeshwa msako wa kuwaua. Wataalamu wengi leo wanaamini kuwa chui huyo ametoweka, ingawa hutokea watu wakasema wamemwona.

Hakuna haja ya kuwabeza wazee. Waliopoteza mbuzi na kuku, na walioogopa kutuma watoto kisimani, walikuwa na hofu ya kweli. Lakini mtoto na ajue kuwa mnyama aliyekuwa wa kisiwa hiki anaweza kumalizika ndani ya umri wa mtu mmoja. Akishamalizika, hata wale waliokuwa wakimwogopa hubaki wakimsimulia.

Pomboo na chakula cha usiku

Hapo ndipo habari inaporudi ufukweni. Bahari ya Kizimkazi imo ndani ya Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997. Kabla ya hapo wavuvi wa hapa waliwawinda pomboo na kuwafanya chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya muongo huo kumalizika uwindaji ulikuwa umekoma, kwa kuwa pomboo aliye hai alionekana kuwa na faida kubwa kuliko nyama yake.

Ni mabadiliko ya kujivunia, lakini yalikuja na mtihani mwengine. Asubuhi wageni ni wengi, boti ni nyingi, na kila mgeni anataka kuruka majini karibu kabisa. Pomboo wakizama, boti zinawafuata. Wakiibuka, zinawakatia njia. Watafiti waliofuatilia hali hiyo hapa hapa Kizimkazi waligundua kuwa boti za watalii zinapokuwepo, pomboo hupumzika kidogo na hukaa pamoja kidogo, na muda mwingi huutumia kusafiri. Kwa mnyama ambaye jike lake hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na humnyonyesha zaidi ya mwaka, kukosa mapumziko si jambo dogo.

Nahodha analijua hilo kuliko mtafiti. Anajua pia kuwa mgeni aliyelipa akirudi bila ya kumgusa maji pomboo anaweza kununa, kesho akachagua boti nyengine, na nyumbani kuna watoto wanaosubiri. Si haki kumhukumu mtu huyu kutoka kwenye kiti cha mjini. Lakini ni haki kumkumbusha kuwa wanawe wanamtazama. Baba anayezima mashine akiwa mbali, anayekaribia kwa ubavuni na polepole, asiyemtenganisha mama na mwanawe, na anayewaambia wageni kwa upole kuwa leo pomboo wamechoka, anafundisha somo ambalo halimo katika kitabu chochote. Na anayewakimbiza anafundisha pia.

Manahodha wakikubaliana, mzigo huwa mwepesi. Mmoja akijizuia peke yake, hupoteza mgeni. Wote wakijizuia, mgeni hana pa kukimbilia, na ataona kuwa ndiyo desturi ya Kizimkazi. Kina mama wana nafasi yao hapa, maana maneno mengi ya pwani huamuliwa barazani na jikoni kabla hayajafika kwenye mkutano wa kijiji.

Kuanza Jumamosi moja

Familia inayotaka kuanza haihitaji makubwa. Safari ya Jozani inawezekana kwa daladala, na raia halipi kiingilio sawa na mgeni. Inafaa kufika asubuhi, kabla ya jua kali. Chakula cha njiani, kama vitumbua au mkate wa kumimina, kiliwe kabla ya kuingia msituni, na mifuko irudi nyumbani.

Watoto waelezwe mapema kuwa kima hapewi chakula. Tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na ndizi mbivu au biskuti humdhuru. Hakaribiwi wala hashikwi, na mwenye mafua abaki nyumbani siku hiyo, kwa sababu maradhi ya binadamu huweza kumwambukiza. Mwongozaji aulizwe maswali, na watoto waachwe waulize wao.

Wakirudi, kila mtoto apewe kazi ndogo: mmoja achore kima, mwengine amuulize bibi habari za chui, wa tatu amuulize baba pomboo hulalaje. Jibu la hilo la mwisho litawashangaza, kwani pomboo hulala kwa nusu ya ubongo huku nusu nyengine ikiwa macho, ili asisahau kupanda juu kuvuta pumzi. Mwezi unaofuata familia ikatazame mikoko, mwengine ikahesabu ndege ufukweni maji yakitoka. Serengeti itakuja kwa wakati wake, na mtoto atakayefika huko akiijua Jozani atakuwa na cha kulinganisha.

Kizimkazi ni kijiji kinachojua kutunza. Msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na kizazi baada ya kizazi kimeyakuta na kuyaacha mahali pake. Hakuna aliyeyalinda kwa ajili ya mgeni. Yalilindwa kwa sababu kila mzazi alimwonyesha mwanawe, akamwambia kuwa haya ni yetu. Pomboo na kima wanahitaji maneno hayo hayo, yasemwe mapema, na yasemwe na mtu ambaye mtoto anamwamini.