Msaidizi wa Tabibu wa Viungo



Mtu akipatwa na kiharusi, au akivunjika nyonga, daktari humwokoa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini ni nani amfunzaye tena kuinuka kitandani, kushika kikombe, na kwenda hatua tatu hadi mlangoni? Hiyo ni kazi ya tabibu wa viungo. Na huko Marekani tabibu huyo ana msaidizi, ambaye habari zake yafaa vijana wetu wazijue.

Cheo hicho kilikubaliwa na chama cha matabibu wa viungo wa Marekani mwaka 1967, na wanafunzi wa kwanza, watu 15, walihitimu mwaka 1969, huko Miami na Minneapolis. Mafunzo yake ni ya miaka 2 hivi baada ya sekondari. Husoma habari za mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Kisha hushinda majuma mengi hospitalini akifanya kazi mbele ya macho ya wakubwa wake. Akimaliza hufanya mtihani wa taifa zima, ndipo jimbo humpa idhini.

Tabibu ndiye ampimaye mgonjwa na kupanga tiba yake. Msaidizi hutekeleza: hulinyoosha goti lililokakamaa, hufundisha kutembea kwa mkongojo, na humwonyesha mke namna ya kumwinua mumewe asije akaumia mgongo. Hana ruhusa ya kubuni tiba kwa rai yake. Na hapa ndipo penye amana kubwa. Akiuona mguu mmoja umevimba, una moto na unauma, hausugui wala haendelei na mazoezi. Husimamisha kazi akapeleka habari upesi, kwani huenda damu imeganda ndani, na pande lake likapanda mapafuni likaua.

Basi kijana asidharau kazi kwa kuwa yaitwa usaidizi. Kujua mpaka wa elimu yako nako ni elimu, na pengine ndiko kuokoako roho.

Nasi jamaa wa mgonjwa tuna funzo letu. Kumfanyia kila kitu ni huruma imdhoofishayo. Alichofundishwa akakiweza, tumwache akifanye, ijapokuwa polepole, nasi tusimame karibu asianguke. Huenda, inshallah, siku moja akatawadha kwa mikono yake mwenyewe.