Faini Haina Mnada Barabarani

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri atokaye Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini muda uliookolewa majini usigeuzwe kuwa maangamizi nchi kavu. Kutoka Sengerema hadi Geita na Katoro, na kutoka Kahama hadi Tinde na Shinyanga, lami hupita kando ya masoko, shule na makazi ya wachimbaji. Hapo ndipo tochi ya askari wa usalama barabarani humkuta dereva, na hapo ndipo mnada huanza.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa hata kama barabara ni nyeupe. Aliyekamatwa anazo njia mbili za halali: kukiri kosa na kulipa faini iliyopangwa, au kulikana na kupelekwa mbele ya hakimu. Njia ya tatu, ile ya kunong'ona "afande, tuyamalize hapa hapa", haimo katika sheria yoyote. Askari aweza kusikiliza maelezo na pengine kuona kwamba onyo latosha. Lakini hana mamlaka ya kuikata faini nusu na kuitia mfukoni.

Hatusemi kwamba faini haiwezi kupunguzwa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilitangaza bungeni kwamba faini ya bodaboda na bajaji ingeshuka kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Nafuu hiyo ilitolewa hadharani, kwa wote, wala hakuna aliyeinunua gizani. Huo ndio mfano wa kufuatwa.

Tunaijua hesabu ya mwananchi wa Kome au Maisome aliyevuka na pikipiki yake kuja kuuza dagaa. Kurudi mahakamani siku nyingine ni nauli ya kivuko, ni siku ya kazi iliyopotea, na pengine ni kulala ugenini. Kwake, noti moja iliyokunjwa huonekana rahisi. Lakini noti hiyo haina stakabadhi. Haifuti kosa lolote, na kesho itadaiwa tena na mwingine. Zaidi ya hayo, dereva aliyenunua kimya huondoka kwa mwendo ule ule, na gharama iliyobaki humngoja mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Basi mwananchi na ajue kwamba hahitaji wakili ili asikilizwe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Afike siku aliyopangiwa. Asikilize mashtaka hadi ayaelewe. Kama hakutenda kosa, alikane kwa adabu, na aulize kipimo cha tochi kilisomaje, na ni mahali gani. Kama alitenda, akiri mapema bila kuzungukazunguka, kisha aeleze yaliyo kweli: kwamba ni kosa lake la kwanza, kipato chake ni kiasi gani, na ni watu wangapi wanaomtegemea. Ndipo aombe adhabu ipunguzwe, au apewe muda wa kulipa. Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu, pale inapostahili, kumwachilia mkosaji kwa masharti au bila masharti. Hata hivyo asiende kwa kubahatisha: hakimu hafungwi na kiwango cha barabarani, na faini ya mahakama yaweza kuzidi. Asiye na uwezo na awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwa upande wa watendaji wa Serikali, wajibu ni mzito zaidi. Haki isiyofikika humsukuma mwananchi kwenye rushwa. Askari amwonyeshe dereva kipimo cha tochi bila kusihiwa, na amweleze njia zote mbili, si ile ya kulipa peke yake. Alama za mwendo ziwekwe zionekane, kwani lengo la sheria ni kupunguza mwendo, wala si kuvizia wapita njia. Nao wanaopanga tarehe za mashauri wakumbuke kwamba mtu wa visiwani hutegemea ratiba ya kivuko. Kuahirisha shauri lake mara tatu ni kumtoza faini ambayo hakuna sheria iliyoitaja.

Mwana-TANU aliahidi kwamba rushwa ni adui wa haki, na kwamba hataitoa wala kuipokea. Ahadi hiyo iliwataja wote wawili, mtoaji na mpokeaji, na sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 nayo inawashika wote wawili. Anayedaiwa asicho nacho stakabadhi na apige namba 113 ya TAKUKURU. Mkosaji aombe huruma mbele ya hakimu, na askari aandike kosa kama lilivyo. Hapo ndipo barabara zetu zitakuwa salama, na sheria itaheshimiwa bara na visiwani.