Msemaji wa serkali anasemea nani?



Wengi kati yetu tuko na diplome na hatuna kazi. Watu wa siasa wanajua hiyo. Wanatuletea unite za simu na ahadi: mtusemee kwenye mitandao, kesho mutakuwa wasemaji wa serkali. Basi tuangalie hiyo njia inafikisha mtu wapi.

Lambert Mende alikuwa ministri wa mafuta mwaka 2007. Mwaka 2008 akapewa wizara ya mawasiliano, akawa msemaji wa serkali ya Joseph Kabila kwa karibu miaka 10. Katika wakati wake RFI ilikatwa hewani mwaka 2009, na tena kule Kinshasa mwaka 2016. Mwezi wa tatu 2015 vijana walikamatwa Kinshasa katika mkutano wa Filimbi, na ni yeye alisimama kutetea hiyo mbele ya waandishi wa habari. Fred Bauma na Yves Makwambala walitoka gerezani mwezi wa nane 2016. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamwekea Mende vikwazo. Mwaka 2019 akatafuta ugavana wa Sankuru, kwao. Wabunge wa jimbo wakachagua mwingine.

Patrick Muyaya, aliyeshika hiyo kazi mwaka 2021, alipitia uandishi wa habari, kisha akachaguliwa mbunge wa Kinshasa mwaka 2011. Ni njia nzuri kuliko ya kupiga makofi. Lakini kiti ni kile kile. Mwenye kukikalia anasemea serkali, na hapo hapo ni ministri wa vyombo vya habari, pamoja na RTNC, redio na televisheni ya raia wote. Ni mchezaji mwenye kushika na filimbi ya mwamuzi. Hata umuweke mtu mwema, filimbi itapigwa upande moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Serkali itenganishe hizo kazi mbili. Na RTNC ifungulie mlango wenye kulalamika, siyo wenye kusifu tu.

Na wewe kijana mwenzetu, njaa tunaijua, hatukuhukumu. Lakini sauti yako ukishaiuza, siku watakamata ndugu yako ni wewe utaitwa kueleza kwa nini.

Congo ni yetu. Tuisemee wenyewe.